Mzigo wa mwenzio si kanda la usufi kwa anayeubeba kila siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme jambo ambalo sisi tunaowahudumia watu waliofikwa na makubwa tumezoea kulinong'ona kwenye korido na kulimeza tunapoingia vikaoni. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Mtwara, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu kazini. Katika miaka hiyo nimewasikiliza watoto waliobakwa, wanawake waliovunjwa mbavu na waume zao, wazee waliofukuzwa makwao kwa kuitwa wachawi, na vijana waliookota miili ya wenzao barabarani baada ya ajali. Barua hii haiwahusu wao moja kwa moja, ingawa bila wao isingeandikwa. Inawahusu wale wanaokaa upande wa pili wa meza: afisa ustawi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, muuguzi, mkunga, daktari anayejaza PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa), hakimu anayeandika ushahidi wa mtoto, mwalimu wa malezi, na mtu mmoja ambaye hakuna orodha ya watumishi inayomtaja kwa kazi hiyo, yaani mkalimani.

Nitaanza na huyo.

Miaka minne iliyopita tuliletewa mtoto wa kike wa miaka sita kutoka kijiji kilicho mbali na mjini, aliyekuwa akilelewa na bibi yake, na ambaye Kiswahili chake hakikutosha kueleza yaliyompata. Mimi si mwenyeji wa huku, na Kimakonde changu ni cha salamu na cha sokoni. Askari aliyekuwa zamu siku ile alitoka Kanda ya Ziwa. Tukafanya kile kinachofanywa pale ambapo hakuna mkalimani: tukamwita mama anayefanya usafi ofisini kwetu, mzaliwa wa Newala, mtu mzima mwenye wajukuu, tukamwomba aweke fagio pembeni atusaidie dakika chache. Dakika chache zikawa saa mbili na nusu. Mkalimani anayeifanya kazi hiyo vizuri, hata kama hakufundishwa na mtu, hasemi "anasema kwamba alishikwa", husema "alinishika". Kwa saa mbili na nusu mama yule alikuwa akisema "mimi". Aliyasema yote kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye mikono ya mtoto, na mara mbili alinyamaza katikati ya maneno akanitazama kama anayeomba ruhusa ya kutoendelea. Nilimwashiria aendelee, kwa sababu nilitaka maelezo yakamilike kabla gari la polisi halijaondoka. Tulipomaliza nilimshukuru, mtoto akapelekwa hospitali, nami nikaanza kuandika. Nilipoinua kichwa nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi akifagia korido palepale alipokuwa ameachia, akirudia na kurudia kipande cha sakafu ambacho kilikuwa safi tangu asubuhi.

Baada ya wiki kama tatu alinifuata mezani kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza akiwa bado amesimama: "Mwanangu, yale maneno ya yule mtoto unayasikia na wewe usiku, au ni mimi peke yangu?" Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Niliyatamka kwa kinywa changu mwenyewe. Sasa nikitaka kuzungumza na mjukuu wangu kwa Kimakonde, ndiyo yanayotangulia ulimini."

Nilimpa neno lilelile nililopewa na mkubwa wangu siku yangu ya kwanza kazini. Nilimwambia, "Utazoea, mama." Nalijutia neno hilo mpaka leo.

Wahenga waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walimlenga mtu anayeutazama mzigo kwa mbali akauona mwepesi. Hawakumlenga anayeupokea mabegani kila siku, tena kutoka kwa watu tofauti. Jambo linalompata mpokeaji huyo limechunguzwa kwa miongo mingi. Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure jijini New York, aliandika jinsi wahudumu wenzake waliokuwa na moyo wa kazi walivyokauka taratibu hadi wakaishiwa nguvu na huruma, hali ambayo leo huitwa uchovu wa kazi. Mwaka 1990 Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walikwenda mbali zaidi, wakaeleza kwamba anayesikiliza habari za kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na mambo ya kutisha, kwa muda mrefu hubadilika namna anavyoiona dunia: usalama wake na wa watu wake, nani wa kuaminiwa, thamani ya binadamu, ukaribu na wengine, na uwezo wake mwenyewe wa kuyatawala maisha. Mwaka 1995 Charles Figley alitoa kitabu kilichokusanya ushahidi kwamba dalili za aliyeumizwa zinaweza kumtokea pia anayemsaidia, yaani picha zinazorudi bila kuitwa, kukwepa chochote kinachokumbusha, usingizi wa mang'amung'amu, na kushtuka kwa mlio mdogo tu. Na mwaka 2013, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa utambuzi wa magonjwa, kiliandika wazi kwamba mtu anayekutana mara kwa mara, kwa sababu ya kazi yake, na undani wa mambo ya kutisha yaliyowapata wengine anaweza kupata ugonjwa wa msongo unaofuatia kiwewe. Mfano mmoja uliotolewa humo ni wa polisi wanaosikia tena na tena undani wa ukatili dhidi ya watoto. Niliposoma mfano ule kwa mara ya kwanza nilifunga simu nikakaa kimya, kwa kuwa ilikuwa kana kwamba aliyeandika alikuwa amekaa katika chumba chetu.

Tusichanganye jambo hili na uchovu. Uchovu wa kazi upo, nao ni mkubwa, na Shirika la Afya Duniani lilipouingiza mwaka 2019 katika orodha yake mpya ya magonjwa na hali za kiafya lilieleza kwamba ni hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, si ugonjwa wenyewe. Mtu aliyechoka anaweza kupewa likizo, akaenda kwao, akalala, akarudi amepata nafuu. Anayebeba kiwewe cha wengine anaweza kurudi kutoka likizo ya siku 28 akiwa na picha zilezile kichwani, kwa sababu tatizo lake si wingi wa saa bali ni kile kilichoingia katika saa hizo. Tena haliwahusu wachache walio dhaifu. Mwaka 2007 Brian Bride alichapisha matokeo ya kuwauliza wafanyakazi wa ustawi wa jamii 282 katika jimbo moja la kusini mwa Marekani: saba kati ya kila kumi walikuwa na angalau dalili moja ya kiwewe katika juma lililotangulia, na asilimia 15.2 walikuwa nazo kwa kiwango kinachofikia vigezo vikuu vya ugonjwa wenyewe. Hao ni watu wenye ofisi, magari na wasimamizi. Msomaji na apime mwenyewe hali ya afisa mmoja anayehudumia kata kadhaa kwa bodaboda.

Mwenyeji wa kusini atanielewa upesi nikimtajia salfa. Inapofika Juni hivi wakulima wetu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na harufu yake huvuka mashamba ikaingia hadi kwenye nyumba za mjini. Kwa wengi ni harufu ya matumaini, kwa kuwa hutangulia msimu wa korosho, na msimu ndio ada za shule, ndio mabati, ndio harusi. Mwaka 2017 nilishughulikia shauri la mvulana aliyefanyiwa ukatili ndani ya stoo iliyojaa mifuko ya salfa. Katika maelezo yake alirudia mara nyingi habari ya harufu ile, akasema ndiyo aliyoishikilia akilini muda wote ili asifikirie mengine. Mimi sikuwemo stooni. Mtuhumiwa mwenyewe nilimwona mahakamani tu. Lakini tangu mwaka ule, mashine za kupulizia zinapoanza kunguruma, kifua hunibana, mate hunijaa kinywani, nami hufunga madirisha mchana kweupe huku watoto wangu wakiuliza kulikoni. Kumbukumbu ile si yangu, ila mwili wangu umeifanya yake.

Lililoniumiza zaidi lilitokea nyumbani. Mdogo wake mume wangu ni kijana mpole aliyekuwa akija kwetu kila mwezi kutoka kijijini, akiwaletea watoto korosho za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi za daftari. Jumapili moja alimpakia binti yangu, wakati huo akiwa na miaka saba, kwenye pikipiki waende dukani kununua soda. Hawakuwa wamefika hata kwenye kona nilipojikuta barabarani, pekupeku, nikipiga kelele arudi. Alirudi. Alizima pikipiki, akamshusha mtoto, akanitazama, akasema, "Shemeji, ni mimi." Alikuwa ameelewa kila kitu bila mimi kutamka lolote. Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mafaili yaliyokuwa kabatini kwangu ofisini, ambamo kwa miaka mingi nilikuwa nimesoma na kuandika maneno "baba mdogo", "mjomba", "jirani", "mwalimu wa jioni", mpaka maneno hayo yakapoteza maana yake ya kawaida. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla shemeji yangu hajalala tena kwetu, na hata alipokuja hakumgusa mtoto mpaka nilipomwomba kwa machozi. Hili ndilo McCann na Pearlman waliloliandika kwa maneno ya kitaalamu. Mimi nililiona likimwondoa ndugu nyumbani kwangu.

Ipo dalili nyingine isiyopigiwa kelele na mtu, kwa sababu inafanana na ukomavu. Katika juma moja la mwezi Januari nilipokea watoto saba. Wa nne alipokuwa akieleza, nilijikuta nafikiria chai iliyokuwa inapoa. Niliandika maelezo yake bila kosa, nikaijaza fomu vizuri kuliko zote za juma lile, nikanywa chai. Msimamizi wangu aliisifu taarifa ile. Jioni niliogopa, kwa kuwa sikuweza kukumbuka uso wa mtoto. Tunaposema fulani amezoea, mara nyingi tunamsifu mtu ambaye sehemu fulani ndani yake imekwisha kufa ganzi, na anayelipia ganzi hiyo ni mtoto anayekuja baadaye, ambaye atakutana na afisa asiyemtazama usoni, au askari anayemkaripia, au muuguzi anayemwambia mama aliye na uchungu maneno ambayo kila mtu mjini ameyasikia na kuyalaani. Siwatetei wanaotukana wagonjwa. Nasema tu kwamba nimefanya kazi na baadhi yao tangu walipoajiriwa, nami nawakumbuka walivyokuwa mwaka wao wa kwanza.

Kwa wakunga jambo hili lina sura yake. Nchi yetu imepiga hatua ya kujivunia: tafiti za kitaifa za hali ya watu na afya zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Mikono iliyoleta mabadiliko hayo ni pamoja na ya wakunga wa zahanati zetu. Lakini kifo kinapotokea, hufuata kikao cha kukipitia, nacho ni muhimu sana, kwa sababu ndipo makosa yanapojulikana na kurekebishwa. Humo huulizwa damu iliitishwa saa ngapi, gari la wagonjwa lilifika saa ngapi, nani alikuwa zamu. Mkunga mmoja aliniambia kwamba katika vikao vyote alivyohudhuria hajapata kusikia swali la kumi na moja, baada ya yale kumi yaliyomo kwenye karatasi, kwamba aliyemshika mama yule mkono hadi ukapoa anaendeleaje. Yeye alitoka kikaoni akaenda moja kwa moja kumpokea mjamzito mwingine.

Watu huyakumbuka matukio makubwa. Oktoba 2020, wavamizi wenye silaha walipovuka Mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, kila mtu alielewa kwamba waliowapokea majeruhi na waliokimbia walikuwa wameona yasiyosemeka. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya Lindi upande wa Somanga na kuwaacha watu wa Kilwa katika maji, waokoaji walishukuriwa, na walistahili. Ila walio wengi katika kazi hizi hawajavunjwa na tukio moja kubwa. Wamemomonyolewa kidogo kidogo, kama ukuta wa udongo unaopigwa na mvua za kila mwaka upande mmoja, na nyumba huonekana nzima mpaka siku inapolala.

Na maji yanaongezeka, kwa sababu nzuri. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tangu hapo tumepata madawati ya polisi, vituo vya Mkono kwa Mkono vinavyotoa huduma zote mahali pamoja, namba ya simu 116 ya watoto, kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji, na mpango wa taifa wa kupambana na ukatili. Tumewaambia watoto waseme, wamesema. Hatukutenga kitu kwa ajili ya masikio yanayosikiliza. Tena mtoto huyohuyo hueleza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mgambo, kwa polisi, kwangu, kwa daktari, kwa mwendesha mashtaka na kwa hakimu, na kila mara anaumia yeye, na maumivu humwingia mtu mpya aliyeketi mbele yake. Pale ambapo huduma zimewekwa chini ya paa moja na mtoto akasikilizwa mara moja na mtu mmoja aliyeandaliwa, maumivu hayo hupungua kwa pande zote mbili. Nashangaa kwamba hoja hii ya nafuu ya msikilizaji haitajwi wakati wa kuomba fedha za vituo hivyo.

Najua litakaloulizwa: si ndiyo kazi yenu, si mnalipwa? Ndiyo, na hakuna anayeomba kuondolewa. Lakini mtaalamu wa eksirei naye analipwa, na bado huvaa kifuani kifaa kidogo kinachopima mionzi aliyoipokea mwezi hadi mwezi, kwa sababu inafahamika kwamba madhara ya mionzi hujumlishana mwilini hata kama kila picha moja ni salama. Hakuna anayemwambia kwamba ataizoea mionzi. Muuguzi hupewa glovu, askari wa zimamoto hupewa koti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ailinde afya ya anayemfanyia kazi, na Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu mwaka 2008. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma hizo mbili kwa pamoja akiwa amekaa kwenye meza ya bajeti ya halmashauri.

Badala yake tunacho kimya na utani. Anayethubutu kusema kwamba halali usiku huambiwa aongeze sala, au kwamba kazi imemshinda, au kwa mzaha unaochoma, kwamba apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sala ninazo, na zimenishika mkono nyakati ambazo hakuna mtu aliyenishika. Sioni kwa nini sala itumike kumziba mtu mdomo. Mila zetu wenyewe hazikuwa hivyo. Mtu akifiwa hapa kwetu hakuachwa peke yake. Majirani walitandika majamvi, wakalala pale siku tatu, wengine hawakusema neno, waliketi tu. Jamii ilijua kwamba kifo kinamgusa hata asiye ndugu, na kwamba aliyeguswa anahitaji watu kabla hajarudi shambani. Mkunga, askari na afisa ustawi wanahudhuria misiba ya nafsi za watu kila juma, na hakuna jamvi linalotandikwa. Jumatatu asubuhi huulizwa taarifa ya robo mwaka iko wapi.

Usimamizi shirikishi tunao, na wageni kutoka mkoani huja na orodha yao, wakahesabu mafaili, wakakagua rejesta, wakasaini kitabu. Ninachoomba ni usimamizi wa namna nyingine, ambao katika nchi zilizotangulia ni sehemu ya kawaida ya kazi ya ustawi na ya ushauri nasaha: saa mbili kwa mwezi, zilizowekwa kwenye ratiba na kulindwa kama kikao kingine chochote, ambapo anayeshughulikia mashauri mazito huketi na mtu mwenye uzoefu ambaye hampandishi wala hamshushi cheo, akazungumza kuhusu mashauri yake na jinsi yanavyomwingia. Hilo halihitaji jengo wala gari. Hospitali za rufaa za mkoa zina wauguzi wa afya ya akili ambao wangeweza kuliongoza kwa kupokezana, wakilipiwa nauli na siku yao. Askari wa Dawati wapewe muda wa kupumzishwa kwa zamu kabla hawajaharibika, badala ya kuhamishwa baada ya kuharibika. Mkalimani atambuliwe, alipwe, aelezwe kabla ya kuingia atakachokutana nacho, aruhusiwe kukataa, na aulizwe hali yake keshoye na baada ya mwezi. Hili la mkalimani lingeweza kuanza kesho asubuhi.

Naomba pia tusiletewe semina ya siku moja hotelini. Wala asije mtu kutukusanya baada ya tukio baya akatulazimisha kusimulia tuliyoyaona, mmoja baada ya mwingine, mbele ya wote. Njia hiyo ya kikao kimoja cha kumwaga yote ilipendwa sana zamani, lakini tafiti zilipopitiwa hazikuonyesha kwamba inazuia kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike. Kinachosaidia ni kitu cha polepole na cha kudumu: mtu wa kukuuliza, muda, usingizi, idadi ya mashauri inayobebeka, na ruhusa ya kusema "hili limenishinda leo" bila kuandikwa kwenye faili la siri.

Nisingependa msomaji kijana anayefikiria kusomea kazi hizi aogope. Zinatoa pia kitu ambacho sijakipata mahali pengine. Mwaka juzi msichana wa kidato cha nne aliingia ofisini kwangu bila miadi, akaweka mezani karatasi ya matokeo yake, akasema, "Mama, nimekuja kukuonyesha." Nilikuwa nimemsikiliza akiwa na miaka tisa. Nilimkumbuka kwa kovu la kidole. Tuliisoma karatasi ile pamoja, somo kwa somo, na nguvu niliyoipata siku ile ilinifikisha mwisho wa mwaka. Wachunguzi wamelitambua hilo nalo, kwamba msaidizi anaweza kuambukizwa ujasiri wa anayemsaidia kama anavyoambukizwa maumivu yake. Ila ujasiri ule humfikia mtu ambaye bado ana uwezo wa kuhisi.

Tangu mwaka jana, baadhi yetu tumejianzishia la kwetu. Tulikuwa wanne: mimi, mkunga, askari wa kike wa Dawati, na mama yetu wa usafi, ambaye nilimwomba radhi kwa lile neno la "utazoea" na ambaye alinisamehe kabla sijamaliza kulisema. Tunakutana Ijumaa baada ya kazi chini ya mwembe nyuma ya zahanati. Tumewekeana masharti machache: hakuna kutaja jina wala kijiji, hakuna kusimulia undani wa kutisha bila kumwuliza mwenzio kama leo ana nafasi ya kuupokea, na hakuna kutoa ushauri usioombwa. Wakati mwingine tunaongea nusu saa tu kisha tunamenya maembe. Mimi nalala vizuri zaidi kuliko mwaka juzi, na shemeji yangu alikuja Idi.

Mpango huu haumo katika bajeti ya mtu yeyote. Mwezi Februari askari wetu alihamishiwa mkoa mwingine, na mkunga amepangwa zamu za usiku kwa sababu wenzake wawili wameondoka na nafasi zao hazijajazwa. Halmashauri zinaandaa makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, nami naomba wakurugenzi, madiwani na maofisa mipango wa Mtwara na Lindi waingize kifungu kimoja, hata kiwe kidogo, kwa ajili ya kazi hii, kabla makadirio hayajafungwa.

Ijumaa iliyopita tulikuwa wawili chini ya mwembe, mimi na mama wa usafi. Jumatano alikuwa ameitwa tena kutafsiri. Nilimwuliza kama anataka kuzungumza, akasema bado, tukae kwanza. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi.

Afisa Ustawi wa Jamii,
Mkoa wa Mtwara
(Jina na kituo cha kazi vimehifadhiwa)